Neno "Town" Lilianza na Ua



Juma lililopita mzee mmoja wa darasa letu alinionyesha karatasi aliyoletewa nyumbani. Yote ilikuwa ya Kiswahili isipokuwa neno moja, "township". Nikamjibu haraka haraka, "Mzee wangu, hilo ni neno la watu wa mjini, halikuhusu." Nilikosea. Siku ya tatu wapimaji wakasimika mawe ya mpaka kando ya shamba lake la mihogo. Basi leo nalipa deni.

Tuanze na "town", maana ndilo mama wa hilo. Siku hizi maana yake ni mji. (Tusichanganye na tauni, ule ugonjwa wa panya. Hilo limetoka kwa Waarabu.) Lakini watu waliohamia Uingereza kutoka pande za Ujerumani na Denmark, katika miaka ya 400 na 500, walisema "tun", na maana yake ilikuwa ua. Ua tu, wa kuzungushia! Mjerumani mpaka leo ua anauita "Zaun". Mholanzi naye bustani anaiita "tuin", kwa kuwa bustani huzungushiwa ua.

Sasa, mtu akishajenga ua, ndani ataweka nyumba, ghala na mifugo. Neno likahama polepole: likawa shamba na makazi yake, likawa kijiji, mwisho likawa mji. Ndiyo sababu majina mengi ya huko yana mkia wa "ton". Kingston ni shamba la mfalme. Preston ni la makasisi. Hata Washington, mji mkuu wa Marekani, umepewa jina la Rais wa kwanza, George Washington, na ukoo wake ulilipata kwenye kijiji kimoja cha kaskazini mashariki ya Uingereza. Mji mkubwa vile, mkiani una ua wa shamba!

Msicheke. Sisi tunalo boma. Boma ni ua wa kuzuia ng'ombe wasitoke na fisi wasiingie. Wajerumani walipojenga ngome zao, kama ile ya Mikindani ya mwaka 1895, watu wakaziita boma. Leo tukisema "nakwenda bomani" tunakwenda ofisi za wilaya, wala hakuna ng'ombe.

Na "township"? Zamani ilikuwa watu wa kijiji pamoja na ardhi yao. Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi, ikawa mitaa waliyotengewa Waafrika. Jina Soweto limefupishwa humo humo: mitaa ya kusini magharibi. Kwetu Tanzania ni mji mdogo, eneo lenye mpaka na mamlaka yake. Kwa hiyo shamba laweza kuingia mjini bila kusogea hata hatua moja, na matumizi yake yakapangwa upya.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakwenda na mzee wetu bomani kuuliza mpaka umepita wapi. Mwenye shamba upande ule wa mto, aje na karatasi yake.