Reli Mbili za Unguja na Migongo ya Picha Zilizobaki Maskati

Maskati haijawahi kuwa na tramu. Mji wa kale umebanwa kati ya majabali na bahari. Kabla ya barabara za magari, aliyetaka kwenda Matrah alipanda mashua au alikwea njia ya mlimani. Ilipofika mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na kilomita 10 hivi tu za lami. Hata Reli ya Hafeet inayojengwa sasa inatoka Sohar kwenda Abu Dhabi, wala haifiki mji mkuu. Lakini ndani ya nyumba za Ruwi, Qurum na Sib, katika mabegi ya zamani na albamu zilizoanza kuachia gundi, zimo picha za treni ikipita katikati ya mji. Mji huo ni Unguja. Picha zilikuja na watu walioondoka baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na wengine waliorejea Omani baada ya 1970 wakiwa na vyeti vyao, Kiswahili chao na vitu vichache vilivyoweza kubebwa mkononi. Kwa hiyo sehemu ya historia ya usafiri wa mjini Unguja imehifadhiwa Maskati, na imehifadhiwa vibaya.

Maana ya maneno

Tramu ni gari la abiria linalokwenda juu ya reli zilizolazwa katika njia za mji. Lilianza kwa kukokotwa na farasi au nyumbu, likaja la mvuke, kisha la umeme. Washiriki wa semina hii wanayajua hayo, na kuyarefusha ni kupoteza muda wao. Itoshe kusema kwamba kwa kipimo hicho Unguja ilikuwa na tramu mara mbili, ingawa jina la tramu halikushika; lililoshika ni gari la moshi. Mombasa nayo ilikuwa na mtandao wa aina yake: reli nyembamba zilizobaki kutokana na mradi ulioachwa wa Kampuni ya Imperial British East Africa zililazwa mitaani, na vigari vyenye viti chini ya turubai vikasukumwa na vijana kutoka mji wa kale hadi Kilindini. Huko injini ilikuwa miguu ya watu, na habari yake inastahili mada yake yenyewe.

Reli ya Sayyid Barghash

Barghash bin Said alitawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888. Habari za reli hakuhadithiwa tu. Baada ya jaribio lake la kumpindua nduguye Majid mwaka 1859 alipelekwa Bombay, mji ambao treni zake zilianza kwenda mwaka 1853, na mwaka 1875 alizuru Uingereza akasafirishwa kwa treni kutoka mji hadi mji. Mwaka 1879, mwaka ule ule waya wa simu wa chini ya bahari kutoka Aden ulipofika kisiwani, reli ya maili 7 hivi ilijengwa kutoka kasri lake la mjini hadi Chukwani, kusini, alikokuwa na jumba la kupumzikia. Mabehewa mawili ya kifahari yalikokotwa kwanza na nyumbu. Mwaka 1881 iliagizwa injini ndogo ya mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall, Stafford.

Reli hii ilikuwa ya mtawala. Haikuunganisha soko na mashamba. Sayyid Barghash alipofariki mwaka 1888 haikupata mrithi, na vyuma vyake vikaishia kuwa chakavu.

Reli ya Bububu

Ya pili ilikuwa ya watu. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney & Co., ya New York, ilijenga reli yenye upana wa futi 3 kutoka Ngome Kongwe, ikipenya njia nyembamba za mji, kisha ikielekea kaskazini hadi kijiji cha Bububu. Urefu wake nao ulikuwa maili 7. Ndani ya Ngome, mahali pale pale ambapo leo watu hukaa kutazama ngoma na tamasha, ndipo palipokuwa kituo na karakana. Abiria wengi walikuwa wenyeji, na wageni waliofika kwa meli waliwekewa behewa la daraja la kwanza. Mwaka 1911 serikali iliinunua reli hiyo. Barabara zilipotengenezwa na magari yakaongezeka, huduma ya abiria ilifungwa mwaka 1922. Treni ikabaki kubeba mawe ya kazi za bandari, na mwishoni mwa miaka ya 1920 ikanyamaza.

Hapa inafaa kuondoa hadithi moja inayopendwa sana: kwamba Bububu imeitwa hivyo kwa sababu ya mlio wa treni. Sayyida Salme, dada yake Barghash, aliwahi kuishi Bububu, na amepataja katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Jina limeitangulia treni kwa karibu miaka 20 kwa uchache. Wanaolihusisha na chemchemi za maji za pale wana hoja yenye miguu zaidi. Hadithi ya mlio wa treni, hata hivyo, haielekei kufa, maana watoto huipenda na waongoza watalii huipenda kuliko watoto.

Tatizo la maelezo ya picha

Mambo yaliyoelezwa hadi hapa yangeweza kusomwa popote. Yanayofuata ndiyo sababu ya mada hii.

Reli mbili, kila moja maili 7, zote zikianzia ufukweni mbele ya majumba ya masultani: moja imekwenda kusini, nyingine kaskazini; moja imekufa 1888, nyingine imezaliwa 1905. Katika picha zinazozunguka Maskati reli hizo zimekuwa kitu kimoja. Kila treni ya Unguja ni “treni ya Sayyid Barghash”. Maelezo hayo huandikwa chini ya picha, picha hutumwa kwa simu, anayepokea huituma mbele, na baada ya mwezi mmoja hurudi ikiwa imechapishwa kwenye kitabu cha kumbukumbu ya harusi au kwenye ubao wa maonyesho. Kusahihisha ubao uliokwisha kutundikwa ni kazi ngumu kuliko kujenga reli.

Chukua kadi ya posta ya aina inayoonekana mara nyingi. Mbele kuna injini na mabehewa, na nyuma yake linaonekana Beit al-Ajaib. Jengo hilo lilikamilika mwaka 1883, kwa hiyo mtu anaweza kudhani kwamba treni ya Barghash inawezekana. Atazame mnara. Kabla ya Agosti 1896 mnara wa saa na taa ulisimama peke yake mbele ya jengo, upande wa bahari. Mizinga ya Waingereza iliuharibu katika vita vya mwezi huo, vya dakika zisizofika 45, na mwaka uliofuata saa ikapata mnara mwingine uliojengwa juu ya uso wa Beit al-Ajaib lenyewe. Kadi inayoonyesha mnara ukiwa umepanda kutoka kwenye jengo haiwezi kuwa ya kabla ya 1897. Treni iliyo mbele yake ni ya Bububu, hata ikiwa babu mwenye picha aliapa vinginevyo.

Kisha kadi igeuzwe. Hapa ndipo penye uchungu. Mgongo wa kadi una habari kuliko uso wake, na mgongo ndio usiopigwa picha. Mstari uliogawa nafasi ya anwani na nafasi ya ujumbe uliruhusiwa Uingereza mwaka 1902, Ujerumani 1905 na Marekani 1907. Kadi isiyo na mstari huo kwa kawaida ni ya uchapaji wa zamani zaidi. Stempu yenye thamani ya anna inatangulia mwaka 1908, maana kuanzia mwaka huo rupia ya Unguja iligawanywa kwa senti. Sura ya Sayyid Ali bin Hamoud au ya Sayyid Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia 1911, inapunguza zaidi miaka ya kubahatisha. Muhuri wa posta humaliza hesabu: picha haikupigwa baada ya siku iliyo kwenye muhuri. Mnara unaweka mpaka wa mwanzo, muhuri unaweka mpaka wa mwisho, na mara nyingi pana jina la mpigapicha pia. Studio ya A. C. Gomes na ile ya ndugu wa Coutinho, Wagoa waliofanya kazi Unguja, zilitoa sehemu kubwa ya kadi hizi. Yote hayo hupotea pale mjukuu mwenye nia njema anapopiga uso wa kadi kwa simu, akakata kingo ili ipendeze, akarudisha kadi kwenye begi au, mbaya zaidi, akaigundisha upya kwenye albamu mpya.

Lipo tatizo la pili ndani ya hili, nalo ni zito zaidi. Migongo mingi imeandikwa kwa herufi za Kiarabu lakini kwa lugha ya Kiswahili. Ndivyo wazee wa pwani walivyoandikiana. Anayepanga orodha huona herufi, hujaza “Kiarabu” katika nafasi ya lugha, na karatasi huenda kwenye sanduku la Kiarabu. Msomaji wa Kiarabu anapoifikia huona maneno yasiyo na maana na huiweka kando. Msomaji wa Kiswahili hafiki kamwe kwenye sanduku hilo.

Mfano mmoja unatosha. Kiarabu hakina herufi ya sauti “g” ya Kiswahili, na waandishi wengi walitumia ghaini. Neno “gari” likiandikwa hivyo, غاري, msomaji wa Kiarabu peke yake atasoma “pango langu”. Sentensi fupi ya mtu aliyempelekea mkewe habari kwamba amefika salama kwa gari inageuka kuwa ya mtu aliyefika salama pangoni mwake. Sauti “p” nayo huandikwa kwa ba, na irabu huachwa msomaji azijaze mwenyewe; asiyekuwa na Kiswahili kichwani hawezi kuzijaza.

Watu wenye funguo zote mbili ni wachache ulimwenguni, na jambo la ajabu ni kwamba wengi wao wako hapa. Kijana wa Maskati aliyelelewa na bibi wa Unguja amesoma herufi hizo shuleni tangu darasa la kwanza na amesikia lugha hiyo jikoni tangu kuzaliwa. Hajui kwamba hiyo ni sifa ya kazi. Hakuna aliyemwambia. Vyuo vya Ulaya hufundisha wanafunzi kwa miaka kadhaa ili wapate nusu ya alichonacho, na huku bibi, ambaye ndiye anayejua nani alimwandikia nani, anazeeka.

Haya hayasemwi ili kulaumu taasisi yoyote. Kila taasisi ina bajeti yake na vipaumbele vyake, na picha za treni iliyokufa karibu miaka 100 iliyopita si kipaumbele cha mtu. Lakini maombi ya kuongeza nafasi moja tu katika fomu ya kupokelea picha yamerudiwa kwa maneno ya heshima, kisha kwa maneno ya heshima zaidi, na fomu ni ile ile.

Mapendekezo

Kwanza na juu ya yote, kila picha au kadi ipigwe pande zote mbili, bila kukatwa kingo. Hili likifanyika peke yake, nusu ya mengine yanaweza kungoja.

Fomu za kupokelea nyaraka zitenganishe lugha na hati. Herufi za Kiarabu ni hati. Kiswahili ni lugha. Nafasi mbili zinahitajika, si moja.

Mamlaka ya Taifa ya Nyaraka na Kumbukumbu ya Omani, iliyoundwa mwaka 2007, na hifadhi ya nyaraka ya Zanzibar iliyoko Kilimani zibadilishane nakala za picha za reli, kila nakala ikiwa na mgongo wake. Kazi hii ina faida ya haraka pia: sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 2020, na kila picha yenye tarehe ya hakika ya ufuko ule ni msaada kwa wanaoujenga upya uso wa jengo.

Vijana wanaozungumza Kiswahili na kusoma herufi za Kiarabu waandikishwe na wafunzwe kusoma barua za zamani, walipwe kwa saa, na waketi na wazee wao wakiwa na kadi mezani. Malipo yatajwe wazi tangu mwanzo. Kazi ya kujitolea imeshajaribiwa, na huishia mwezi wa Ramadhani.

Maelezo yasemayo “treni ya Sayyid Barghash” yasichapishwe popote kabla ya kutazama mnara. Mnara wa peke yake mbele ya jengo: kabla ya Agosti 1896. Mnara juu ya jengo: 1897 au baadaye, na treni ni ya Bububu.

Familia zisiombwe kutoa picha zao. Ziombwe kuziazima kwa siku moja, zipigwe picha mbele ya wenyewe, zirudishwe jioni ile ile. Begi linalofungwa kwa woga halifunguliwi tena.

Na pande zote mbili zipigwe, kama ilivyokwisha kusemwa. Katika fomu, nafasi ya mgongo ijazwe kila mara. Ukiwa hauna maandishi, iandikwe “mtupu”, ili atakayefuata ajue kwamba kuna mtu aliyeigeuza kadi.