Kabla Hujatoa Fedha, Ijue Hati
Mazungumzo juu ya kununua nyumba na kumchagua wakili

(Mazungumzo haya yalitolewa na mmoja wa wanachama waanzilishi mbele ya wanachama na wageni, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu. Yamechapishwa humu kwa ombi la wanachama.)



Kwanza tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kuifikia siku ya leo tukiwa wazima. Wapo wenzetu tuliokuwa nao siku ya mwanzo na leo hatunao. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Tulipoanza, tulikuwa tukiweka fedha kwa ajili ya skuli za watoto, mahitaji ya Ramadhani na arusi. Mambo hayo hayataki wakili. Ukiuziwa kanga mbovu, hasara yako ni ya kanga. Lakini siku hizi, mimi niliyemo katika kamati ya mikopo, nikifungua maombi naona: kiwanja Fuoni, kiwanja Tunguu, banda Kwarara, na mmoja anataka nyumba hapa hapa Mji Mkongwe. Nafurahi sana, na pia naogopa. Fedha hizi ni za wanaoanika mwani, wanaokaanga maandazi alfajiri, wanaoshona hadi usiku. Zikipotea katika kiwanja, miaka kumi mengine haitozirudisha.

Mimi si mwanasheria. Nitakwambieni niliyoyaona, niliyoyauliza, na moja lililonifika mwenyewe.

Lililonifika

Mimi na marehemu mume wangu tulinunua nyumba Ng'ambo. Yeye alitoa akiba ya mshahara wake. Mimi niliuza bangili zangu nne za dhahabu na nikatia fedha za mchezo. Kwa hesabu yangu, ilikuwa nusu kwa nusu. Siku ya kuandikiana, wanaume walikaa ukumbini na mimi nilikuwa jikoni natengeneza kahawa. Baadae nikaonyeshwa karatasi, nikaona jina la mume wangu, nikapiga kigelegele. Ah, mimi na yeye si kitu kimoja?

Alikuwa mtu mwema, hakunidhulumu hata siku moja. Alipofariki aliacha watoto wangu na watoto wa mke wake wa mwanzo. Hati ikasomwa: nyumba ni yake peke yake. Nami nikapata thumni, fungu la mke ambaye mumewe ameacha watoto.

Jamani, sikatai mirathi. Thumni ni haki yangu aliyoniwekea Mwenyezi Mungu. Lakini ile nusu ya bangili zangu haikuwa mirathi, ilikuwa mali yangu mwenyewe, na sikuwa na karatasi hata moja ya kuionyesha. Sonara hakuniandikia risiti, wala mimi sikuitaka. Watoto wa mwenzangu si wabaya. Walitaka haki yao kama ilivyoandikwa. Nyumba ikauzwa, nikahama na makasha yangu.

Hebu tupige hesabu. Tuchukulie nyumba ina thamani ya shilingi milioni 40. Ikiwa hati ni ya mume peke yake, mjane mwenye watoto anapata thumni yake, yaani milioni 5. Ikiwa hati ina majina mawili, nusu kwa nusu, milioni 20 ni zake tokea mwanzo, haziingii katika mirathi. Kisha anarithi thumni ya ile nusu ya mumewe, yaani milioni 2 na nusu. Jumla milioni 22 na nusu. Tofauti ni milioni 17 na nusu, na imetokana na jina moja lililokosekana katika mstari mmoja.

Jueni mnanunua nini

Baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi yote ya Zanzibar ilitangazwa kuwa ya Serikali. Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 1992 imeendeleza msingi huo: ardhi ni ya umma, iko chini ya Rais, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia. Kwa hiyo mtu akikwambia "nakuuzia ardhi yangu", muulize: haki yako ya matumizi iko wapi, na imeandikwa jina la nani?

Vitu vinavyouzwa huku kwetu havifanani. Kuna kiwanja chenye hati iliyosajiliwa kwa Mrajis. Hicho ndicho chepesi, kwa sababu daftari lipo na linaweza kutazamwa. Si ardhi yote iliyokwishaingia katika daftari, basi kuna na viwanja vya karatasi tu, muuzaji na mnunuzi wameandikiana mbele ya sheha na mashahidi. Masheha wetu wasinichukie. Sheha anawajua watu wake na ushahidi wake una thamani kubwa, lakini muhuri wa sheha si hati ya haki ya matumizi.

Kuna eka tatu tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi. Zile zilitolewa watu walime, na zina masharti yake. Mtu akikukatia kipande humo, usitoe hata shilingi kabla hujapata jawabu ya wakili na ya Kamisheni ya Ardhi. Na shambani uliza pia miti. Kwetu mtu anaweza kuwa na minazi au mikarafuu katika ardhi anayoitumia mwengine. Usije ukajenga, kisha mwenye minazi akaja kuangua.

Kuna nyumba za urithi, na humu ndimo wanawake wengi tunamoumia, kwa kuuziwa na kwa kuuzwa. Ndugu mmoja anakuja, mpole, ana ufunguo, anasema nyumba ya baba. Ndugu zake watano wako Pemba, Dar es Salaam na Maskati. Yeye hawezi kuuza zaidi ya fungu lake. Taka ithibati ya warithi wote, na saini ya kila mmoja au ya aliyemuwakilisha kwa maandishi. Kama mirathi haijagaiwa, wende kwanza wakaigawe. Utasubiri, ndiyo. Lakini kusubiri miezi si sawa na kukaa mahkamani miaka.

Na kuna wakfu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu. Wakfu hauuzwi, haurithiwi wala hautolewi zawadi. Anayekaa humo ni mpangaji, hata kama bibi yake alizaliwa humo. Mtu akikutaka kilemba ili akupishe, jua kuwa unapokea upangaji, hununui nyumba, na huo nao unataka idhini. Jambo hili huulizwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Mwenye kununua Mji Mkongwe ana mambo mawili zaidi. Kwanza, ukarabati unataka kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Huwezi kuvunja ukuta au kubadilisha mlango kwa kutaka tu, na tokea mwaka 2000 mji wetu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Pili, nyumba hizi ni za mawe, chokaa na boriti. Maji ya mvua yakiingia darini, boriti zinaoza kimya kimya. Tarehe 25 Disemba, 2020 sote tuliona sehemu ya Beit el Ajaib ikianguka, na watu wawili wakafariki. Basi mpeleke fundi anayejua nyumba za kale apande hadi juu kabla hujasaini.

Kumchagua wakili

Akina mama wengi wanasema: wakili ghali, dalali ananitosha. Dalali kazi yake ni kuwakutanisha, na anapata chake mkiuziana. Hana faida ya kukwambia usinunue. Wakili wako ndiye mtu pekee hapo unayemlipa ili akwambie "usinunue".

Mambo ya kutazama ni haya.

La kwanza, awe ameandikishwa kufanya kazi ya uwakili hapa Zanzibar. Uwakili wa Bara na wa hapa ni mbali mbali, na sheria zetu za ardhi ni zetu. Orodha iko Mahkama Kuu ya Zanzibar. Kuuliza si utovu wa adabu.

La pili, asiwe wakili wa muuzaji. Utaambiwa, "tumtumie huyu huyu, tupunguze gharama." Mkigombana kesho, atasimama na nani?

La tatu, muulize kama kazi hii ya ardhi ameizoea. Anaweza kuwa hodari wa kesi za jinai, na nyaraka za nyumba zikamshinda.

La nne, malipo yake myaandike: kiasi gani, na ndani yake mna nini. Je, kwenda kwa Mrajis kutazama daftari kumo? Ushuru wa stempu umo, au ni mbali? Na kila ukitoa, pokea risiti.

La tano, akusomee mkataba kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu. Ukiwa umeandikwa Kiingereza, usione haya kumwambia, "Baba, hapa sijafahamu, rejea." Akikasirika, mshukuru, ondoka. Umeshapata jawabu.

Asiyekuwa na uwezo, asikae nyumbani na shida yake. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tokea 1992, wapo wanasheria wanawake wa ZAFELA, na wapo wasaidizi wa sheria katika wilaya. Nendeni mkaulize kabla ya kununua. Wengi wetu huenda tumeshaumia.

Fedha zisitangulie

Utaratibu wake ni huu. Kwanza tazama kiwanja au nyumba kwa macho yako, mchana na siku ya mvua. Uliza majirani wa pande zote nne, na mipaka waikubali wao. Kisha wakili atazame daftari na nyaraka: ni ya nani, ina rehani, ina kesi? Ndipo mkataba. Usilipe kwa mkono barazani. Lipa kwa benki, au mbele ya wakili na mashahidi, na risiti iseme fedha ni za nini. Kisha idhini. Sheria ya Uhaulishaji wa Ardhi ya mwaka 1994 imeweka kwamba mauziano ya ardhi yapitie idhini, na leo shughuli za ardhi ziko kwa Kamisheni ya Ardhi iliyoundwa kwa sheria ya 2015. Mwisho, ushuru ulipwe na jina lako liingie kwa Mrajis. Wengi wanaishia kwenye mkataba, wanauweka kabatini, wanasema tumemaliza. Bado. Mpaka jina liingie daftarini.

Masuali mliyoniletea

"Nikimwambia mume wangu tuandike majina mawili, si ataona simwamini?" Mwanangu, mwambie hivi: karatasi hii si ya siku tunayoishi pamoja, ni ya siku ambayo mmoja wetu hayupo. Nayo inamkinga na yeye pia, maana huenda ukatangulia wewe. Akikataa kabisa, basi usitoe fedha bila ya maandishi. Sheria ya Mahkama ya Kadhi ya mwaka 2017 imetaja madai ya mali waliyochuma mume na mke pale kila mmoja alipochangia, lakini mchango unataka ushahidi. Mwenzetu mmoja hapa alipeleka kwa Kadhi daftari lake la hisa na karatasi ya mkopo wa kikundi chetu. Kile kidaftari tunachokifutia mikono ya unga, kilizungumza. Kitunzeni.

"Mwanangu yuko Maskati, ametuma fedha za nyumba. Iandikwe jina la nani?" La mwenye fedha, isipokuwa amekupa wewe kwa maandishi. Kama hawezi kuja, afanye hati ya uwakala kwa mtu anayemwamini, na asiwe dalali. Kama amechukua uraia wa nchi nyengine, mwambieni wakili mapema, maana masharti si sawa.

"Nimeshanunua, nina karatasi ya sheha tu." Usikate tamaa. Muuzaji na mashahidi wangali hai? Wafuate leo, nenda nao kwa wakili, uanze safari ya hati. Akishakufa muuzaji, utazungumza na warithi wake. Ugomvi ukizuka, usipigane mpakani. Mahkama ya Ardhi ipo kwa kazi hiyo.

"Kikundi chetu kikinunua nyumba ya ofisi, iandikwe jina la nani?" Suali hili ni la Bi. Katibu. Bi. Mwenyekiti, nisamehe, si jina lako. Si kwa kukudhania. Ikiandikwa jina lako, siku ukiondoka duniani warithi wako watakuja na hati, na watakuwa na haki kwa karatasi. Tukamilishe usajili wa ushirika wetu, nyumba iandikwe jina la ushirika wenyewe. Naomba jambo hili liingie katika ajenda ya mkutano ujao.

Mwisho

Nina ombi moja kwa kamati, na nimo ndani yake. Mkopo wa kiwanja au nyumba usitolewe mpaka mwombaji alete barua ya wakili kwamba nyaraka zimetazamwa. Na gharama ya wakili iingie katika mkopo wenyewe, isiwe kisingizio.

Wahenga wamesema mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Mimi nililijua neno hilo tokea utotoni, na siku ya hati yangu nilikuwa jikoni. Siku ya hati yenu, kahawa naipike mtu mwengine. Nyinyi kaeni ukumbini.