Bei ya Kwanza Hukaa Kichwani

Tangazo la kitenge limeingia WhatsApp: bei ya dola 40 imefutwa kwa mstari mwekundu, chini yake dola 25. Unafurahia dola 15 ulizookoa. Lakini nani aliwahi kukinunua kwa 40?

Mwaka 1974 watafiti Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio lao. Walizungusha gurudumu la namba, kisha wakauliza: nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa? Gurudumu likisimama kwenye 10, watu walikisia kama 25; likisimama kwenye 65, walikisia kama 45. Namba ya bahati nasibu tu, nayo ikawavuta! Ndivyo ile 40 ya tangazo inavyokuvuta wewe.

Mitandao nayo hukuharakisha: “vimebaki viwili tu.” Na zile alama nyingi za kupendwa? Nazo huweza kununuliwa.

Basi mama, kabla ya kutuma pesa kwa simu, funga tangazo. Pita soko la Virunga, uliza bei kwa wauzaji watatu. Usitume hata franka moja kabla hujakishika kitenge chenyewe.