Michoro ni ya Nani?

Vijana mnaosoma uhandisi: wanaotamani kurudi Kibaha wakaunde magari pale Nyumbu wananifurahisha mno. Lakini kabla ya kuchora, ulizeni michoro itakuwa mali ya nani. Mwaka 1940 jeshi la Marekani liliziomba kampuni 135 gari jepesi la upelelezi, la kwanza liwe tayari ndani ya siku 49. Bantam, kampuni ndogo ya hapa Pennsylvania, mjini Butler, ikathubutu. Karl Probst alichora kwa siku chache tu! Septemba 23 gari likakabidhiwa, likafaulu majaribio. Jeshi, likihofia udogo wa kiwanda, likawapa Willys na Ford michoro ile. Hao wakaunda Jeep zaidi ya 600,000. Bantam ikaishia kuunda matrela ya kuvutwa na gari hilohilo.