Mkataba wa Babu na Haki ya Mwenye Shamba



Kwetu Kenya mafuta yaliyo chini ya ardhi ni mali ya umma. Marekani mara nyingi ni ya mwenye shamba, naye huikodisha kampuni ichimbe, alipwe fungu. Desturi ya zamani ilikuwa moja katika nane. Shida i katika maneno machache: mkataba hudumu miaka kadhaa, na baadaye maadamu mafuta au gesi yatoka kwa faida. Faida gani?

Katika Pennsylvania uligombewa mkataba wa mwaka 1928, kwani visima vilipata hasara ndogo mwaka 1959. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya jimbo hilo iliamua kwamba hasara hiyo haikuuvunja, kampuni ikiwa iliendelea kwa nia njema. Hivyo mjukuu hufungwa na sahihi ya babu! Akidai nia haikuwa njema, ni juu yake kuthibitisha. Kwa hiyo na aziweke hati za malipo, mwaka kwa mwaka.