Kizibao cha Joto kwa Mvuvi wa Usiku: Manyoya, Sufi au Faiba?

(Maelezo ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika na vikundi vya ushonaji, Kamanga)



Tumeona baadhi yenu mkitabasamu mliposoma ratiba. Kushona nguo za kujazwa manyoya ya bata, hapa Kamanga, mahali ambapo saa saba mchana hata mbwa anatafuta kivuli! Nguo hizi wenzetu wa Ulaya na Marekani huzivaa wanapopiga kambi kwenye theluji. Lakini ombi halikutoka Ulaya. Limetoka kwenye sharika zetu za mwambao, kwa akina mama ambao waume na vijana wao wanaingia ziwani jioni na kurudi alfajiri. Wameomba vikundi vishone nguo nene za kuwakinga wavuvi na baridi. Mapendekezo ya kitu cha kujaza yalikuwa matatu: manyoya yanayopatikana kwenye makoti ya mtumba, sufi ya miti yetu, au faiba, ile nyeupe inayojazwa kwenye mito. Tumetumwa kuleta jibu kabla fedha ya vitambaa haijatoka.

Tuanze na baridi yenyewe, maana wapo wanaosema haipo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa sababu ndipo taa huwavuta. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi mitumbwi mingi ina taa za sola na betri. Mvuvi anaketi kwa saa nyingi akingoja, kisha anavuta wavu uliojaa maji, analowa kifuani na mapajani, halafu anaketi tena kwenye upepo. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Juni hadi Agosti upepo wa usiku ni mkavu na mkali. Kipimajoto hakikaribii sufuri hata kidogo, lakini mtu aliyelowa hapimwi kwa kipimajoto cha ukutani. Maji huondoa joto mwilini upesi kuliko hewa tulivu, takriban mara 25. Vidole vikifa ganzi havifungi fundo, wala havishiki vizuri ukingo wa mtumbwi. Kwa hiyo hatuzungumzii starehe.

Sasa, nguo ya kujazwa inafanyaje kazi? Yenyewe haina joto. Joto ni la mwili, na kazi ya nguo ni kuzuia hewa iliyokwisha kupashwa isiondoke. Mtazameni kuku asubuhi ya mvua: anajitutumua mpaka anaonekana mara mbili ya ukubwa wake. Hajaongeza kitu isipokuwa hewa kati ya manyoya. Ndiyo maana blanketi zito si lazima liwe na joto kuliko koti jepesi lililovimba. Bata wana akiba zaidi, kwa kuwa chini ya manyoya ya nje wana vinyoya laini visivyo na mfupa katikati, ambavyo ukivibana kiganjani na kuachia vinafumuka tena. Lugha yetu inaita vinywele laini vya mwilini malaika, na anayeshika vinyoya hivi kwa mara ya kwanza ataona jina hilo lingevifaa pia.

Mwaka 1922 mpanda milima George Finch alikwenda Everest na koti alilolibuni mwenyewe, kitambaa cha puto kilichojazwa manyoya laini ya bata. Wenzake waliovaa sufu ya kondoo walimcheka, mpaka baridi ilipowafundisha. Marekani, Eddie Bauer alikuwa muuza vifaa vya uvuvi na uwindaji. Aliponea chupuchupu kufa kwa baridi katika safari ya kuvua samaki, nguo zake za sufu zikiwa zimelowa, na hapo ndipo alipotengeneza jaketi la manyoya lililoshonwa kwa mistari, akapata hataza yake mwaka 1940. Mnaona basi kwamba chanzo chake ni mvuvi. Miaka ya 1960 na 1970 kampuni ya Frostline ya Colorado iliuza vifurushi vyenye vipande vilivyokatwa tayari na manyoya ndani ya vifuko, watu wakashona nyumbani kwa cherehani za kawaida. Wageni wetu wenye umri huenda wanakumbuka. Tunalisema hili ili fundi wa Kamanga asidhani kazi hii ni ya kiwandani tu.

Na manyoya tunayo? Ya bata wetu wa uani, hapana. Bata wa nchi ya joto hana haja ya kujifunika sana, na bata mmoja hutoa gramu chache tu zinazofaa. Ila kwenye marobota ya mtumba pale Mlango Mmoja, jijini Mwanza, makoti ya namna hii hutokea, mengi yakiwa na zipu iliyokufa au mkono uliochanika, na hayo muuzaji huyatoa kwa bei ya kutupa. Bonyeza koti, achia, litazame. Likifumuka polepole na ukisikia vijiti vidogo vikichoma, ni mchanganyiko wa manyoya. Likirudi kama sponji, ni faiba.

Kuyahamisha manyoya ni kazi ya subira. Usiyafungue nje, maana upepo wa ziwa utayagawa kijiji kizima. Akina mama wa kikundi cha hapa wamebuni njia nzuri: wanatundika chandarua ndani ya chumba, fundi anaingia ndani yake na mizani ndogo, anafungua koti kuukuu na kujaza jipya humohumo. Manyoya machafu huoshwa kwa sabuni laini ndani ya mfuko wa chandarua, yakasuuzwa mpaka povu liishe. Kisha hukaushwa kwa siku kadhaa huku yakifikichwa kwa mkono mabonge yafunguke. Yakifungiwa yakiwa na unyevu yatanuka, na mteja hatarudi.

Kitambaa kiwe cha nailoni iliyofumwa kwa karibu, kama ya miavuli. Weka mdomo upulize: pumzi ikipita kirahisi, manyoya nayo yatapita. Tumia sindano namba 11, si ile namba 16 ya jinzi, na uzi wa poliesta, maana wa pamba huoza. Mishono isibanane mno, kwa kuwa kila tundu la sindano ni mlango. Kitambaa cha nje kikatwe kikubwa kidogo kuliko cha ndani, la sivyo mwili unayabana manyoya na hewa inakosa nafasi. Shona mistari ya kulala yenye upana wa sentimeta 8 hadi 10 na upime manyoya ya kila chumba, jumla takriban gramu 100 kwa kizibao cha mtu mzima. Usikisie kwa macho. Kwenye mstari wa mshono hakuna unene, hivyo baridi hupenya hapo. Wanaokwenda Himalaya huwekewa kuta za kitambaa ndani ili kuepuka hilo, sisi hatuhitaji kufika huko.

Baada ya kuyasifu manyoya namna hii, jibu letu ni kwamba mvuvi asipewe.

Manyoya yakilowa hulala. Hewa inatoka, vinyoya vinashikana kama uji, na koti lililokuwa nene linakuwa karatasi yenye maji. Kukauka kwake ni siku, na mvuvi anarudi ziwani jioni ileile. Liko na jambo zito zaidi. Mtu akitumbukia, maji yaliyo ndani ya koti hayamvuti chini kama wengi wanavyoamini, kwa kuwa maji ndani ya maji hayana uzito. Uzito unakuja anapojaribu kupanda tena mtumbwini: hapo anayainua yote, kwa mikono iliyokwisha kufa ganzi. Nguo zilizojazwa pamba ni hatari kwa sababu hiyohiyo, na tunajua pamba ndiyo iliyo karibu na mioyo ya Wasukuma.

Sufi ilitupa mjadala mrefu zaidi. Inaelea, hainywi maji upesi, na miti ipo. Ni kweli pia kwamba kwa miaka mingi, hata wakati wa Vita Kuu ya Pili, sufi ilijazwa kwenye majaketi okozi ya mabaharia. Ndipo baadhi ya kamati zikaandika: tushone nguo moja, impe mvuvi joto na imwokoe. Kwa mwenye bajeti ndogo hilo linavutia, na tunaelewa. Lakini sufi ikikaliwa na kubanwa kila siku inavunjika na kupoteza uwezo wa kuelea, na kwa macho huoni tofauti. Inashika moto haraka mno, na karabai bado zipo. Jaketi okozi ni chombo kinachopimwa na wenye mamlaka. Fundi wetu hana kidimbwi cha kupimia, na mama aliyemnunulia mwanawe kizibao akiambiwa kitamwelesha ataamini. Septemba 2018 MV Nyerere ilipozama karibu na Ukara walikufa watu zaidi ya 220. Katika ziwa hili hatutashona kitu cha kuokoa maisha kwa kubahatisha. Kizibao cha joto kivaliwe ndani, jaketi okozi lililothibitishwa lifungwe juu yake, na hilo fundi alitamke kwa kila mnunuzi.

Kilichobaki ni faiba. Si ya kujivunia: ni nzito kuliko manyoya kwa joto lilelile, na baada ya miaka kadhaa inasinyaa. Lakini ikilowa inabakiza sehemu ya unene wake, ukiikamua na kuipunga maji yanatoka, na kwa jua la Kamanga imekauka kabla ya saa sita. Msinunue ile ya vipande ya mito, inahama na kukusanyika chini. Nunueni duveti za mtumba zenye faiba ya shuka. Duveti moja ya kitanda kikubwa inatoa vizibao vitatu au vinne.

Umbo tumelijadili na wavuvi wenyewe, na walitusahihisha mengi. Hawataki mikono, kwa sababu bega linahitaji kuwa huru wakati wa kuvuta. Hawataki vifungo, maana nyavu za dagaa zina macho madogo na hunasa kila kitu. Iwe zipu ya plastiki iliyofunikwa kwa mkunjo, kola ndefu ya kuziba shingo, mgongo unaofunika kiuno mtu anapoinama, na matundu madogo kwenye pindo la chini ili maji yatoke. Rangi iwe ya chungwa au njano. Unene uwe wa wastani, ili jaketi okozi lifungike juu bila kubana.

Vizibao vya manyoya vitashonwa pia, ila kwa wanaokaa pakavu: walinzi wa usiku, wazee wetu, na vijana wa bodaboda wanaovaa makoti kinyumenyume ili kukinga kifua. Kuna pia wapagazi wa Kilimanjaro, ambao mradi wa KPAP wa Moshi ulioanza mwaka 2003 huwaazima nguo za mlimani bila malipo. Huko kwenye baridi kavu ya mita 5,895 ndiko manyoya yanakostahili kuwa.

Kwa wafadhili waliouliza kama watutumie makoti yao ya zamani: tunashukuru, lakini nauli ya kontena itazidi thamani ya makoti, na mtumba upo Mwanza. Kinachotupungukia ni zipu imara, kitambaa cha nje, na majaketi okozi ya kuuzwa pamoja na vizibao kwa malipo ya awamu.

Kila usharika ulete mafundi wawili kwenye mafunzo ya kukata, pamoja na duveti moja, mkasi na mizani ya dukani. Vizibao sita vya kwanza vitakwenda na wavuvi kwa giza la mwezi mmoja kabla hatujaidhinisha vingine, na wavuvi hao wameombwa waje wenyewe kwenye kikao cha kamati, wakiwa wamevivaa, wasivifue kwanza.