Vijana Wetu na Safari ya Ng'ambo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa Jubilii)



Nimeagizwa kusema juu ya shauri lililowekwa mbele ya mkutano huu, yaani kuwapeleka baadhi ya vijana wa dayosisi yetu ng'ambo, wakatumike kwa muda pamoja na Wakristo wa nchi nyingine, na katika kutumika huko wapate kufundishwa uongozi. Wako wanaolipenda shauri hili kwa moyo wote, na wako wanaoliogopa. Wanaolipenda wasema kwamba kuona kwingi ni kujua kwingi. Wanaoliogopa wasema kwamba sadaka ya Jubilii italiwa na nauli, na kijana atarudi na viatu vizuri na maneno mengi, asitake tena kulala katika nyumba ya mwalimu wa kijijini. Kila upande una sehemu ya kweli, wala si haki kumcheka mmoja wao. Lakini jambo lenyewe si geni. Kanisa katika Afrika ya Mashariki limelijaribu tangu zaidi ya miaka 150 iliyopita, na waliojaribiwa walikuwa watu wenye majina na kazi zao zajulikana. Basi na tuwatazame hao kwanza kabla ya kuhesabu fedha.

Waalimu waliosoma habari za Mombasa wajua jina la Nasik. Ni mji wa Bara Hindi, mbali kidogo na Bombay, na karibu nao palikuwa na kijiji cha Wakristo kilichoitwa Sharanpur. Katika siku zile manowari za Kiingereza zilikamata majahazi ya watumwa baharini, na watoto wengi waliookolewa wakapelekwa Bombay, kwa maana hapakuwa na mahali pa kuwarudisha. Baadhi yao wakalelewa Sharanpur na Misioni ya C.M.S. Walifundishwa kusoma na kuandika, wakafundishwa Maandiko, na pamoja na hayo kazi za mikono, wengine useremala, wengine uhunzi. Hawakwenda ng'ambo kwa kupenda kwao. Walichukuliwa na dhuluma ya watu, na Mungu akaigeuza safari ile. Tangu mwaka wa 1864 baadhi yao walirudishwa Afrika ili wamsaidie mzee Johannes Rebmann kule Rabai. Miongoni mwao walikuwa William Jones, Ishmael Semler na George David. Mwaka wa 1875, kijiji cha Freretown kilipoanzishwa karibu na Mombasa kwa ajili ya watumwa waliowekwa huru, hao waliotoka Bara Hindi ndio waliokuwa waalimu, mafundi na wasimamizi.

Sasa tazameni faida na hasara. Faida yao ilikuwa kubwa. Walikuja hali wanajua kuendesha shule, kupiga randa, kufua chuma na kuongoza sala, katika nchi ambayo Rebmann alikuwa amekaa miaka mingi akiwa na wanafunzi wachache mno. Hasara yao ilikuwa kwamba walirudi kama wageni. Walizoea mavazi ya Kizungu na nyumba za namna ya kigeni. Lugha walizozijua zilikuwa Kiingereza na lugha za Kihindi, na wenyeji wa Rabai hawakuwaona kuwa ndugu, bali watu wa namna nyingine. Wakaitwa Wabombay, na jina hilo likakaa. Na Wazungu nao hawakuwapa heshima waliyowapa wenzao Wazungu. Mtu aliyesimama katikati namna hiyo, asiyekuwa wa huku wala wa kule, ana mzigo mzito. Nataka kila mzee wa mtaa aufikiri mzigo huo kabla hajaandika jina la kijana wake.

Hata hivyo mzigo ule haukumwangusha Jones. Mwaka wa 1885 yeye na Semler waliwekewa mikono na Askofu James Hannington, wakapewa daraja ya ushemasi. Mwaka ule ule Hannington akaondoka Rabai kwenda Buganda kwa njia ya Umasaini, na Jones alikuwa mwenzi wake wa safari, shemasi mpya ambaye shule yake sasa ilikuwa njia yenyewe. Walipofika Kavirondo, Askofu akachukua watu kama 50 akatangulia mbele, akamwachia Jones wapagazi wengine wote na amri ya kungoja. Askofu akauawa Busoga tarehe 29 Oktoba. Wachache waliookoka wakarudi na habari ile, nayo ilikuwa nzito hata isisadikike upesi. Jones hakukimbia. Akangoja muda, akiwa hana mkubwa wa kumwuliza shauri, na alipoona hakuna tumaini tena, akawakusanya watu wale akawarudisha mpaka pwani. Wakaingia Rabai mwezi wa Februari mwaka wa 1886, na mbele yao kilichukuliwa kibendera cha buluu, juu yake limeandikwa kwa nyeupe neno moja tu: Ikabodi. Waalimu watawaeleza watoto maana yake katika kitabu cha kwanza cha Samweli.

Nimekaa juu ya habari hii kwa sababu mara nyingi twasema "kufundisha viongozi" kana kwamba ni kuwakalisha katika chumba na kuwapa vitabu. Vitabu Jones alikuwa navyo. Lakini uongozi aliupata jangwani, alipokuwa na watu zaidi ya mia nyuma yake wanaotaka chakula na kutaka kujua watakwenda wapi.

Mwingine wa Nasik ni Jacob Wainwright. Alikuwa pamoja na watu wa Livingstone mwezi wa Mei mwaka wa 1873, mzee yule alipofariki katika kijiji cha Chitambo. Viongozi wa msafara walikuwa Susi na Chuma, na sifa ya kuuleta mwili pwani ni yao kwanza. Lakini moyo wa Livingstone ulipozikwa chini ya mti, aliyesoma sala za maziko alikuwa Wainwright, na yeye ndiye aliyechora jina juu ya mti ule. Mwaka uliofuata akaufuata mwili mpaka Uingereza, akawa mmoja wa waliolichukua jeneza katika kanisa la Westminster tarehe 18 Aprili 1874. Watu wa London walimwangalia sana siku ile. Mimi naona kazi yake iliyo kubwa zaidi aliifanya chini ya mti wa Chitambo, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumwangalia. Kama shule ya ng'ambo imempa kijana uwezo wa kusoma sala za maziko porini bila hofu, shule ile imefanya kazi yake, hata kama hakuna picha yake gazetini.

Sasa nije kwa Padre Cecil Majaliwa, ambaye safari yake yafanana zaidi na shauri letu, kwa kuwa alipelekwa kwa makusudi. Alikuwa Myao, akauzwa utumwani angali mtoto, akawekwa huru Unguja na kulelewa katika shule ya Misioni ya U.M.C.A. pale Kiungani. Alipokwisha kuwa mtu mzima na kujaribiwa katika kazi, akapelekwa Uingereza katika Chuo cha Mtakatifu Agostino, Canterbury. Chuo kile kilifunguliwa mwaka wa 1848 kwa kazi moja, kuwatayarisha watu wa kwenda misioni. Basi Majaliwa hakupelekwa kutembezwa. Aliporudi akapewa ushemasi mwaka wa 1886, akatumwa Chitangali, upande wa Masasi, akawa Myao katikati ya Wayao. Mwaka wa 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika Misioni ile kuipata daraja hiyo. Akakaa Chitangali miaka 11, karibu peke yake. Akajenga Kanisa, akafundisha waalimu, na chifu Nakaam akawa Mkristo, jina lake Barnaba. Wazungu waliompitia wakaona kwamba mtu huyu mmoja alifanya yale ambayo wao walikuwa wengi na hawakuyafanya.

Kisha mwaka wa 1897 akaondoka Chitangali akarudi Unguja. Sitaki kupita mbio hapa, maana katika vitabu vya Jubilii twapenda kuandika mwanzo na kusahau mwisho. Mtu akifundishwa vema, akarudi, akaachwa kijijini miaka 11 na mapadre wenzake wako mbali, mke na watoto wake pamoja naye, na mashauri makubwa ya Kanisa yanakatwa mahali pengine, yawezekana sana achoke. Kosa la namna hii si la kijana aliyekwenda ng'ambo. Ni la nyumba iliyompokea. Wazee wa pwani husema, mwenda tezi na omo marejeo ngamani. Lakini ngama ikiwa imejaa maji, arejeaye atakaa wapi?

Na kama mtu ataniambia kwamba kijana akishindwa mara moja safari imepotea bure, namwomba akumbuke Yohana Marko. Alipanda chombo pamoja na Barnaba na Paulo kwenda Kipro, akiwa msaidizi wao. Walipofika Perge akawaacha akarudi Yerusalemu. Sababu haikuandikwa. Huenda ilikuwa homa, au hofu, au kumkumbuka mama yake tu, jambo ambalo vijana hawalikiri. Paulo hakutaka kumchukua mara ya pili, na Barnaba akataka, wakagombana mpaka wakaachana. Barnaba akamchukua Marko tena kwenda kule kule Kipro. Miaka mingi baadaye Paulo mwenyewe, akiwa kifungoni, aliagiza Marko aletwe kwake kwa kuwa alimfaa. Kwa hiyo nasema, katika kila kundi la vijana awepo Barnaba mmoja, mtu mzima mwenye uvumilivu. Akina Paulo tunao wa kutosha.

Tena neno hili "ng'ambo" tusilifikiri kuwa ni Ulaya na Marekani peke yake. Ng'ambo ni upande wa pili, hata wa mto. Apolo Kivebulaya wa Buganda alivuka nyuma ya milima ya Ruwenzori mwaka wa 1896 akaingia Mboga katika Kongo. Hapakuwa na meli wala tikiti. Akapigwa, akashitakiwa kwa uongo, akafungwa, akarudi tena, na chifu Tabaro aliyemtesa akabatizwa. Apolo akapata upadre mwaka wa 1903, na alipokufa mwaka wa 1933 akazikwa Mboga. Leo kuna basi mpaka mipakani mwetu pande zote. Kijana awezaye kutumika miezi 3 katika mtaa wa Msumbiji au wa Kongo, mahali ambapo Kiswahili chake chasikiwa nusu na nusu hakisikiwi, atafundishwa unyenyekevu kwa nauli ndogo kuliko ile ya ndege. Sikatazi ndege. Nasema tu kwamba mkutano ukiwa na fedha za kupeleka 2 Ulaya, uulize kwanza zingepeleka wangapi ng'ambo ya ziwa.

Kuhusu kuchagua, nina neno ambalo huenda baadhi ya waalimu hawatalipenda. Tusichague vijana kwa sababu Kiingereza chao ni kizuri. Lugha hufunzwa. Tuchague yule ambaye amekwisha kufundisha watoto Jumapili kwa mwaka mzima bila kuitwa, au aliyekwenda kuwatazama wagonjwa bila kutangazwa. Awe anajua habari za kwao, jinsi Kanisa lilivyoanza katika mtaa wake na nani aliyejenga. Maana huko ataulizwa, na kijana asiyejua kwao hana cha kuwapelekea wengine. Wapelekwe wawili wawili. Wapewe kazi ya kweli pamoja na watu wa huko, kubeba, kupika, kufundisha, kulala walalapo wenzao, wala wasisimamishwe kila Jumapili mbele ya watu waimbe na kupigiwa makofi. Sifa za wageni ni tamu, nazo huharibu kichwa cha kijana upesi kuliko pombe. Na picha za simu ziwe chache. Mtu hawezi kushika simu na jembe kwa mkono mmoja.

Akirudi, asipewe karamu na kisha kusahauliwa. Mwezi wa kwanza apumzike kwao. Mwezi wa pili apewe kazi ndani ya mtaa, yenye cheo kidogo na madaraka ya kweli: darasa la kipaimara, au hesabu za mtaa, au vijana wa kijiji kisicho na mwalimu. Akileta desturi mpya, wazee wamsikilize mpaka amalize, ndipo wakatae au wakubali. Na mara moja kwa kila miezi 3 waliorudi wakutane wao kwa wao na Padre mmoja, wasije wakakaa kila mtu peke yake kama Majaliwa.

Basi kwa kuwa mkutano utakata shauri kesho baada ya sala ya asubuhi, naomba kila mtaa unaotaka kutoa jina la kijana ulete majina mawili katika karatasi moja: jina la kijana, na chini yake jina la mzee atakayempokea arudipo na kukaa naye katika kazi kwa miaka 2. Karatasi yenye jina moja tu irudishwe mtaani, nao waijaze, wailete tena.